Nililifuata Besi Mpaka Kaburini

Mtu akikuibia huku anacheka, na desturi inataka na wewe ucheke, hapo ndipo unajua roho yako ina meno kiasi gani. Yangu ilikuwa nayo yote, ingawa mdomoni nimebaki na machache.

Kilichochukuliwa ni gitaa la besi la marehemu mume wangu. La umeme, nyuzi nne, kuukuu, zito kama mtoto aliyelala. Rangi yake nadhani zamani ilikuwa ya chai ya maziwa, lakini pale juu ambapo mkono wa mpigaji unalala, rangi ilishakwisha, mbao iko wazi, imelainika kama mpini wa jembe uliorithiwa. Lilitoka Zambia kwenye bendi moja iliyovunjika, likaja juu ya lori la mahindi mpaka Sumbawanga. Mume wangu alilipata kabla mtoto wetu wa kwanza hajaota jino. Na wala hakuwa mwanamuziki. Alikuwa na mashine ya kusaga hapa Mazwi, unga mpaka kwenye kope. Ila Jumapili tukitoka misa ananawa, anavaa sweta, anakaa uani na lile dude lake, spika ameiegemeza ukutani, anaanza: ndum... ndum-ndu... ndum.

Mimi nililiita mke mwenzangu. Nikimuuliza, "Baba, mke mwenzangu leo analala wapi?" ananijibu na ile sauti yake ya puani, maana vumbi la unga lilimziba pua maisha yote: "Mama watoto, baridi ya leo mbao inaumia. Alale ndani, karibu na ukuta wa jikoni."

"Na mimi?"

"Wewe si una blanketi?"

Siku moja narudi sokoni na samaki wangu, migebuka, kwenye kapu, nakuta sufuria yangu ya maharage iko motoni, inatokota. Nikasema, leo baba kapika, ulimwengu umegeuka! Nikafunua. Nyuzi. Nyuzi za gitaa zimejikunja humo ndani kama dawa ya mganga.

"Baba, mboga gani hii?"

"Zimelewa jasho, hazisemi vizuri. Zikichemka zinatema uchafu, zinarudi kusema."

"Si ununue mpya, uniachie sufuria yangu?"

Akaniangalia kama nimemtukania ukoo. "Mpya zinapiga kelele, mama watoto. Hizi zinaongea."

Basi ndivyo walivyo, wote wenye huu ugonjwa. Walikuwa wanakuja Jumapili wenzake, kila mtu na kazi yake ya kumlisha, gitaa ni la starehe tu. Mmoja mwalimu mstaafu. Huyo akikaa lazima akohoe kwanza, halafu: "Kimsingi, ndugu zangu, mbao ya zamani imekauka mpaka moyoni. Ikishakauka, sauti haina kizuizi." Mwingine dereva wa lori, anaongea kama yuko nyuma ya injini: "AAH! Haya ya siku hizi yanajibu sikioni tu! Hili likilia, TUMBO linajibu!" Wa tatu fundi redio, mtu wa watu, hasemi. Anatega sikio kwenye spika, anafumba macho, anasema, "Mmh." Huyo ndiye niliyempenda. Na binti yake alikuwa anapiga besi kwenye kwaya kule Kaengesa, wakati mwingine anakuja naye. Binti mkimya kama baba yake, lakini vidole havinyamazi.

Vijana nao wanakuja kutoka huko mjini. "Shikamoo bibi. Eti mzee yupo? Tunataka kulishika tu, bibi, hatuliibi." Nikiwapa wanapiga picha. "Dah, mshikaji, cheki lilivyochubuka! Hili la kizamani kweli!" Mimi nawauliza, mbona mimi nimechubuka na ni wa kizamani na hakuna anayenipiga picha? Wanacheka mpaka wanakaa chini.

Wa nne ndiye adui yangu. Anauza spea za pikipiki, duka lake haliko mbali na kwangu. Aliagiza besi jipya Dar, la bluu, linang'aa, jepesi kama mwiko. Akaja nalo siku hiyo kifua mbele. Wakalipiga lake, wakalipiga la mume wangu. Fundi redio akasema "mmh" kwa lile kuukuu, kwa lile la bluu akakohoa. Tangu siku hiyo yule bwana akawa halileti tena la kwake. Anaomba zamu kwenye la mume wangu, na zamu yake ikiisha hasikii. Anajifanya analifuta vumbi na leso, kumbe anapapasa. "Shemeji," ananiambia, sauti ya asali, "hata harufu yake tu, shemeji. Huwezi kuielewa."

Sasa huyu bwana kwetu ni mtani. Ukoo wake na ukoo wa mume wangu ni watani tangu wazee wa wazee, wanazikana kwa vicheko. Mtani kwenye msiba wako ana ruhusa ambayo hata padri hana. Anaweza kulala mlangoni jeneza lisipite, anaweza kuteka kitu cha marehemu, na wewe mfiwa hununi. Unamkomboa kwa kuku au kwa pombe, mnacheka, kitu kinarudi, na machozi yanapungua. Ni dawa. Mimi siibezi.

Mume wangu alipokufa, kifua ndicho kilichomchukua, mtani akaja akafanya kazi yake, na haki nimpe, aliifanya. Alivaa aproni ya marehemu yenye unga, akapita katikati ya waombolezaji anakohoa kama yeye, anauliza kila mwanamke, "Mama, unataka dona au sembe?" Nilicheka na kamasi juu. Halafu akaingia ndani, akatoka na besi begani. "Hili nimeteka! Anayelitaka aje alikomboe!" Watu wakapiga vigelegele. Mimi pia nilipiga, mjinga mimi.

Tulipomaliza matanga nikampelekea jogoo. Akampokea kwa mikono miwili. Kesho yake nikaenda kuchukua changu. Anachokonoa meno. "Shemeji, jogoo alikuwa mtamu, ila mwembamba. Utani haujaisha."

Nikacheka. Nikaleta wa pili, mnono, nimemnenepesha mwenyewe na pumba. Akamla. Nikaenda. Yuko uani kwake, analo mapajani, hata hakuinuka.

"Mtani haulizwi, shemeji."

"Jamani, baba, la marehemu hilo."

Hapo ndipo akasema neno ambalo hata leo nikilitaja mate yanakuwa machungu. Akasema taratibu, kama mtu anayemhurumia mwehu: "Shemeji, tuseme ukweli. Wewe utalifanyia nini? Utaanikia nguo?"

Hapo nikaacha kucheka.

Nikampigia simu mwanangu wa kwanza, yuko Mbeya. "Aaa, mama, achana nalo bwana. Mimi nitakununulia redio, hata mbili." Nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi akajiweka sawa kwenye kiti: "Mama, suala hili ni la kimila. Serikali haiwezi kuingilia utani." Nikaenda mpaka kwa wazee wa ukoo, wakasema ngoja, mtani akichoka atarudisha. Achoke na nini, anayekula jogoo zangu?

Na kila Jumapili nalisikia. Upepo wa huku mnaujua, haufichi jambo. Nimekaa uani kwangu peke yangu, kiti cha mume wangu kiko wazi, na kutoka kwake linakuja: ndum-ndum-ndum-ndum-ndum. Anakimbia! Anapiga kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Mume wangu alikuwa anaacha nafasi. Unasubiri, unasema leo kasahau, halafu, ndum, hapo hapo moyo wako ulipokuwa unapataka. Huyu amejaza pote, kama anapakia gunia. Kwa hiyo sikunyang'anywa mbao tu. Nilinyang'anywa na kumsikia marehemu, halafu nikawekewa huyu badala yake kila Jumapili.

Nikaanza na mdomo, ndiyo silaha niliyopewa. Sokoni nikikaa na wanawake nawafanyia yeye: "Shemeji, hata harufu yake tu, shemeji," huku nampapasa samaki mkavu. Jumuiyani nikafanya anavyotembea na besi begani, tumbo linatangulia. Watoto wa mtaa wakajifunza. Akipita wanamwimbia, "Mwembamba! Jogoo mwembamba!" Akawa anapita njia ya nyuma. Lakini hakurudisha. Mtu aliyeshikwa na kitu kile haoni aibu ndogo. Nikajua inatakiwa kubwa.

Alikuwa na mama yake mzazi kule Pito, mzee kunishinda. Nikaanza kumtembelea. Wengine wakasema nimesamehe. Nilikuwa nakwenda kupima afya yake, sisemi uongo, nakwenda na uji wa ulezi na jicho la mnunuzi wa jeneza. Na yule bibi hakuwa mjinga. Siku moja ameshika kikombe, ananiangalia juu ya mvuke, akasema na ile sauti yake nyembamba iliyokuwa inapanda mwishoni kama mlango wenye kutu:

"Wewe unanilisha uji, au unaningoja?"

"Vyote viwili, mama."

Akacheka mpaka uji ukamwagika. "Nimemwambia yule mtoto, rudisha kitu cha watu. Ananijibu, 'Mama, wewe hujui besi.' Mimi niliyemfuta mavi! Sasa sikiliza. Nikifa, wewe njoo. Usimwonee huruma kwa sababu analia. Toka utotoni analia vizuri sana."

Tukawa marafiki, tukamsema mtoto wake mpaka jua likazama. Nilipenda kwenda. Akafa msimu wa mvua, usingizini, na nilimlilia kwa machozi yangu mwenyewe, si ya kuazima. Nikafuta uso, nikajifunga kitenge cha pili, nikasema sasa kazi.

Kaburi lilichimbwa shambani kwao Pito. Watu wengi, matope, mawingu yamekaa chini kama yanataka kusikiliza. Jeneza bado liko nyumbani. Nikawaendea vijana waliochimba. "Wanangu, nishusheni." Wakaangaliana. "Bibi, humo ndani?" "Kwani nimesema juu ya mti? Mtani wa marehemu anaomba kushuka." Wakanishika makwapa, mmoja akapokea miguu, nikafika chini. Nikatandika kitenge, nikakaa, nikaegemea udongo. Wamenyoosha vizuri ukuta, haki.

Jeneza likaja na nyimbo zake. Nyimbo zikakatika moja moja, kila mtu akifika na kuchungulia.

"Pamepoa humu," nikasema. "Sitoki."

Kicheko! Watu walikuwa wamelia usiku kucha, walikuwa wanakitaka. Mzee mmoja wa kwao akachachamaa: "Haijawahi! Mwanamke kaburini! Mwanamke hakai kaburini!" Bibi mwingine akamjibu kutoka nyuma, "Tunakaa wote, baba, tofauti ni zamu." Dereva wa lori naye alikuwepo: "MTANI NI MTANI! KAOLEWA KWA WATANI WAO, HUYO!" Katekista akainama ukingoni na kitabu chake, mpole: "Tumsifu Yesu Kristu, mama. Tafadhali, ibada bado haijaisha, na mvua hiyo hapo."

"Milele amina, katekista. Nami nangoja ibada humu humu."

Ndipo mfiwa akaja. Mtani wangu. Suti nyeusi, macho mekundu, lakini anacheka, kwa sababu lazima acheke. Hilo ndilo nililokuwa nalingoja tangu siku ile: acheke huku inamuuma. Akaletewa kuku, akaninyooshea. "Haya mtani wangu, toka, kuku wako huyu hapa."

Nikamshika kuku kifuani, nikampima. Nikasema kwa sauti yake yeye, asali yote: "Ni mtamu, shemeji. Ila mwembamba."

Walioijua habari walianguka kwa kicheko. Akaongeza mbuzi. Nikasema, "Utani haujaisha." Akapiga magoti kwenye matope, akashusha kichwa karibu yangu, akanong'ona: "Shemeji, unaniaibisha. Mama yangu yuko juani."

"Hakuna jua."

"Shemeji, nitaleta. Baada ya mazishi, naapa."

Na akaanza kulia. Na kweli, analia vizuri. Mabega yanapanda, yanashuka, watu wakaanza kuguna, maskini, muachie, bibi kazidi sasa. Nilisikia upepo unageuka. Ningetoka pale mikono mitupu, nisingelipata tena. Hakuna msiba mwingine kwake niliokuwa na umri wa kuungoja.

Nikafumba macho. Nikaitoa ile sauti nyembamba, inayopanda mwishoni kama mlango wenye kutu.

"Mwanangu. Rudisha kitu cha watu."

Dada za marehemu wakajishika mdomo, mmoja akakaa chini matopeni. Sauti ile inatoka pale pale inapotakiwa kutoka.

"Nilikwambia nikiwa hai, ukasema sijui besi. Sasa nami niko huku na mwenye besi. Nimwambie nini?"

Akaacha kulia. Kilio cha uongo kikakatika, akabaki mdomo wazi kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. Akajipapasa mifukoni, akatoa ufunguo, akampa kijana mmoja wa bodaboda. "Nenda kwangu. Chumbani, nyuma ya mlango." Hakuniangalia.

Tukangoja. Mvua ikaanza nyepesi, wakanifunika na mwavuli kutoka juu, na katekista akaanzisha rozari ili muda usiende bure. Nikaitikia kutoka chini. Bodaboda akarudi, besi liko mgongoni limefungwa blanketi. Wakanishushia. Nikalifunua magotini pangu mle mle kaburini, nikalikagua kama mtoto aliyetoka kulelewa kwa watu. Mbao ile laini ipo. Nyuzi! Amezitoa za mume wangu, ameweka mpya, zinang'aa kama bati.

"Ziko wapi?"

"Nilizitupa, shemeji. Zilikuwa nzee."

Wenzake, mwalimu, dereva, fundi redio, wote waligeuka kumwangalia. Nimewaona kutoka chini. Hakuna aliyemtukana. Fundi redio, yule asiyesema, akasema, "Ulizitupa?" Basi. Hiyo peke yake ilimpiga kuliko utani wangu wote.

Wakanivuta juu. Tukamzika rafiki yangu kwa heshima, nikatupa udongo wangu, nikarudi Mazwi nyuma ya lori, besi mapajani.

Mnadhani niliishia hapo. Roho yangu haikushiba. Aliyeniambia nitaanikia nguo alikuwa bado anatembea.

Niliacha Jumapili kadhaa zipite. Nikamtuma dereva amwambie: bibi anasema ukilitaka, njoo ulipigie kwangu. Nilijua atakuja. Wenye ugonjwa ule nimeishi nao, kiburi chao kinaishia vidoleni. Alikuja, kofia usoni. Nikampa kigoda kifupi, kile cha kukunia nazi, magoti yakamfika masikioni. Kiti cha mume wangu nilikikalia mimi. Wenzake wamezunguka.

Akaanza: ndum-ndum-ndum-ndum.

Nikaziba pua kidogo. "Unakimbia," nikasema kwa sauti ya marehemu. "Rudia."

Kigoda kilitoa mlio, alivyoshtuka. Wote wakaangalia chini. Nilidhani atanitupia gitaa aondoke. Akarudia. "Bado. Nani anakufukuza?" Akarudia. Mpaka jua likafika ukuta wa jikoni, nikamwambia imetosha, lete.

Sasa anakuja kila Jumapili. Kila Jumapili anakaa kigodani, anapiga, anakosolewa na mtu aliyeibiwa naye. Amepungua kukimbia, lakini simwambii. Mwalimu anasema, "Kimsingi, mama, kijana ameiva." Kijana gani, ana mvi mpaka puani.

Juzi akajaribu kunirudishia utani. Ameshalishusha, anaondoka, akasimama mlangoni na kile kicheko cha zamani. "Mtani. Na wewe hutaishi milele. Siku ukifa mimi nakuja msibani kwako, na nitateka. Hapo nani atanizuia?"

Watu wakanigeukia mimi. Maana ni kweli, ni haki yake.

Nikamwita binti wa fundi redio, alikuwa kakaa na baba yake. Nikamwambia, mwanangu, inuka watu wakuone. "Besi hili si la kwangu," nikasema. "Nimempa huyu tangu wiki ya mazishi ya Pito, wazee wa ukoo wanajua, katekista anajua. Mimi ni mtunzaji tu. Na mtani hateki kisicho cha marehemu, au utaratibu umebadilika?"

Mwalimu akakohoa. "Kimsingi, haujabadilika."

"Kwa hiyo siku nikifa njoo, mtani, uteke utakachokikuta. Kuku wapo. Kitanda kipo, kina kunguni."

Dereva alicheka mpaka akajishika kwenye ukuta. Yule bwana alibaki pale mlangoni, kicheko kinamshuka usoni taratibu. Akaliangalia besi, akamwangalia yule binti ambaye hata ndevu hana wala hatakaa awe nazo.

Mwisho akauliza, sauti ndogo, "Na Jumapili ijayo?"

Nikamwambia, "Njoo mapema. Leo umechelewa."